Paka wa Nyumba Haingwa: Safari ya Lamu

Msafiri atokaye Kampala kwenda Lamu huvuka mpaka wa Kenya pale Malaba au Busia, akapita Nairobi na Mombasa, kisha akashika njia ya kaskazini kupitia Malindi, Garsen na Witu. Askari wengi wanaijua njia hiyo kwa habari zake. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi Juni 2014, mabasi yaendayo Lamu yalisindikizwa kwa miaka kadhaa na polisi wenye silaha. Safari ya gari huishia Mokowe, ukingoni mwa bahari. Hapo abiria huteremka gatini na kuingia katika mashua, kwa kuwa Lamu ni kisiwa.

Wa kwanza kumlaki mgeni ng'ambo ya pili ni mchukuzi wa mizigo. Wa pili ni paka.

Paka wa Lamu wamo kila mahali. Wapo gatini, wapo barazani, wapo juu ya kuta na katika vivuli vya milango ya nakshi. Asubuhi wavuvi wanapopakua changu, tafi na nguru, paka hujipanga kama watu wanaongoja mshahara, kila mmoja akijua zamu yake, na asiyeijua hufundishwa kwa makucha. Ni paka wembamba, wenye miguu mirefu, masikio makubwa na vichwa vyembamba. Wageni wengi huwafananisha na paka waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Jack Couffer, mwandishi na mpiga picha za sinema kutoka Marekani, aliwaandikia kitabu kizima kilichotolewa mwaka 1998.

Sababu ya wingi wao haiko mbali. Lamu ni mji wa bandari wa tangu zamani, na penye bandari pana maghala, penye maghala pana panya. Jahazi lililopakia nafaka lilimhitaji paka kama lilivyomhitaji nahodha. Pamoja na hayo, wenyeji ni Waislamu, na dini yao imempa paka heshima. Mafundisho ya Mtume Muhammad yaliyopokewa na Abu Qatada yanaeleza kwamba paka si najisi, bali ni mmoja wa wale wanaozunguka nyumbani pamoja na watu. Ndiyo maana katika Lamu paka akinywa maji ya birika, maji hayo hayamwagwi, na mwenye kutaka kutia udhu hutia.

MJI WA MAWE NA NGAZI

Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Njia kati ya nyumba na nyumba ni nyembamba mno. Punda mwenye mzigo akipita, mtu hulazimika kujibanza ukutani. Punda ndiye gari la mji huo, na tangu mwaka 1987 kipo kituo cha kuwatibu punda.

Katikati ya mji imesimama ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu mwaka 1910 hadi 1984 ngome hiyo ilikuwa jela. Baadaye ilifanywa mahali pa makumbusho na mikutano ya mji, na watoto hucheza nje ya lango ambalo babu zao walilipita kwa hofu.

Kutoka ngomeni, mtu akielekea kaskazini, huingia mtaa wa Mkomani wenye nyumba za kale za mawe. Nyumba ya namna hiyo huanza kwa daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya kukalia wageni. Ndani yake mna kiwanda kilicho wazi kwa juu, ili mwanga na hewa vipate kuingia. Vyumba hufuatana kwa urefu, kila kimoja kikiwa na siri zaidi kuliko cha kabla yake, na katika kuta zake mna zidaka, vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo na vitabu. Ngazi za kupanda orofani ni za mawe, nyembamba, tena za mwinuko mkali. Kijana hazioni. Mzee huzihesabu moja moja.

Mtaani humo anaishi mzee mmoja aliyepata kuwa askari jela. Aliingia kazini akiwa kijana, ngome ikingali jela, na ilipofungwa alihamishiwa bara, akatumikia huko mpaka siku ya kustaafu. Anaishi orofani pamoja na mwanawe, mkaza-mwana wake na wajukuu wawili. Mkewe alikwisha kufariki. Marehemu alimwachia mambo matatu: kitanda cha samadari, kiti cha enzi cha mpingo kilichofumwa kwa uzi, na paka.

Paka huyo ni jike, wa rangi ya kijivu yenye mistari. Marehemu alimwokota sokoni akiwa hajafumbua macho vizuri, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa. Miaka kumi na sita imepita tangu siku hiyo, nayo kwa paka ni kama miaka themanini ya mwanadamu. Nyumba nzima humwita Bi Mkubwa.

UGOMVI WA KOCHI

Kwa muda wote huo Bi Mkubwa hakuwahi kumletea mtu aibu. Kila alfajiri aliteremka ngazi, akapita chini ya mlango, akaenda katika gofu la jirani, yaani nyumba iliyobomoka na kubaki kuta. Huko alichimba, akafanya haja yake, akafukia, akarudi akijilamba. Paka kwa maumbile yake ni mnyama msafi. Hata jangwani, walikotoka babu zake, alikuwa na desturi ya kufukia.

Ikatokea kwamba mwana wa nyumba alinunua seti ya makochi ya sponji kutoka Mombasa, yakaletwa kwa mashua na kubebwa vichwani hadi Mkomani. Haukupita mwezi, kochi kubwa likakutwa limelowa. Likaoshwa. Siku ya tatu likalowa tena. Baadaye ikawa zamu ya godoro, kisha mkeka, na hatimaye mswala uliokuwa umetandikwa tayari kwa sala.

Hapo jambo likawa zito. Mate ya paka si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, na sala haisihi juu yake. Tena mkaza-mwana alikuwa na mimba ya miezi minne, naye alikuwa amesikia kliniki kwamba kinyesi cha paka huweza kubeba vijidudu vya kumdhuru mtoto aliye tumboni.

"Baba," alimwambia mkwewe kwa adabu, macho akiyatupa chini, "mimi paka simchukii, na najua ni amana ya marehemu mama. Lakini kochi limelowa, mswala umelowa, na hali yangu waiona. Sala itakuwaje, na mtoto atakuwaje?"

Mzee hakupata jibu, kwa kuwa hoja zote mbili zilikuwa za haki.

Mwana alitoa shauri lake. Paka atiwe kikapuni, avushwe hadi Mokowe, aachwe karibu na vibanda vya chakula. Au kama baba anaona Mokowe ni mbali, apelekwe pale pale pwani penye samaki. Kila mtu katika nyumba hiyo alijua maana ya shauri hilo. Paka wa miaka kumi na sita, asiye na meno ya mbele, hawezi kusimama zamu moja na madume ya pwani. Asingemaliza juma.

Mzee aliomba siku saba.

KITABU CHA ZAMU

Mtu aliyefanya kazi ya ulinzi maisha yake yote haachi kulinda kwa sababu amestaafu. Mzee alichukua daftari la shule la mjukuu wake, akalipiga mistari kama alivyopiga kitabu cha matukio zama za kazi: tarehe, saa, mahali, maelezo. Akahamishia kitanda chake karibu na mlango wa ngazi, akalala usingizi wa zamu.

Usiku wa kwanza aliandika kwamba saa kumi na nusu alfajiri paka aliamka, akaenda hadi ncha ya ngazi, akatia mguu mmoja chini, akaurudisha. Akautia tena, akaurudisha. Alisimama hapo kitambo, kisha akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye kochi. Usiku wa pili mambo yakawa yale yale. Usiku wa tatu aliongeza kwamba paka alipokuwa akikojoa hakuchutama sawasawa, na kwamba miguu ya nyuma ilitetemeka. Usiku wa nne aliona jambo lingine: bakuli la maji, ambalo zamani lilijazwa mara moja kwa siku, lilikuwa limekauka mara tatu.

Kufika siku ya sita mzee aliona kesi imebadilika. Aliyedhaniwa kuwa mkosaji alikuwa mgonjwa. Paka hakuacha usafi wake. Alishindwa na ngazi. Alipoona hawezi kufika gofuni, alitafuta mahali palipo laini panapofyonza maji kama mchanga, na katika orofa nzima mahali hapo palikuwa kochi la sponji.

Bwana mifugo aliyeitwa alimpapasa viungo, akamtazama kinywa, akapima mkojo wake, na kuthibitisha mambo mawili. Kwanza, viungo vya miguu ya nyuma vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Ugonjwa huo ni wa kawaida kwa paka wazee kuliko watu wanavyodhani. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2002, picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka kumi na miwili zilionyesha kuharibika kwa viungo kwa paka 90 kati yao. Paka halii kwa maumivu hayo. Huacha tu kuruka, huacha kupanda, na watu husema amekuwa mvivu.

Pili, mafigo yake yalikuwa yamechoka. Figo lililochoka haliwezi tena kuhifadhi maji mwilini; kwa hiyo mnyama hunywa sana na kukojoa sana. Dalili hiyo hiyo huweza pia kuletwa na ugonjwa wa kisukari, ndiyo maana haifai kukisia bila kupimwa. Aidha, paka anayekwenda haja mara kwa mara na kutoa matone machache yenye damu huenda ana uvimbe wa kibofu. Na paka dume anayejikamua bila kutoa kitu ana hatari ya kufa katika siku moja au mbili, kwa kuwa njia yake imeziba. Huyo hangojewi hadi kesho.

"Dawa ya kumrudishia ujana hakuna," bwana mifugo alimwambia mzee. "Lakini kumpunguzia taabu kupo, na nyumba yako ikakauka."

MAMBO YALIYOFANYWA

Kwa kuwa paka hakuweza tena kwenda gofuni, gofu lililetwa kwake. Mzee alitafuta karai pana la bati, akamwambia fundi akate ukingo wa upande mmoja na kuukunja, ili paka aingie bila kuinua mguu. Akatia mchanga mkavu kiasi cha kina cha vidole vinne. Karai la kwanza aliliweka karibu na ncha ya ngazi, mahali pale pale paka aliposimama kila alfajiri. La pili aliliweka katika pembe ya sebule, karibu na kochi. Mkaza-mwana aliona haya kuwa na karai la mchanga sebuleni, lakini alikubali kwa mwezi mmoja. Kanuni yake ni nyepesi: paka mzee hafuati choo mbali, na choo kichafu hakikanyagi. Nyumba yenye paka mmoja yafaa iwe na vyoo viwili.

Halafu likaja suala la kuosha. Mkojo wa paka una chembechembe ambazo haziyeyuki upesi katika maji, na hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo Lamu wakati wa masika, harufu hurudi hata baada ya wiki nyingi. Paka huifuata harufu hiyo kama mtu anavyofuata njia aliyoizoea. Basi kitambaa kikavu hukandamizwa juu ya mkojo ukingali mbichi, bila kusugua. Kisha mahali hapo humwagiwa maji safi ya baridi na kunyonywa kwa kitambaa mara kadhaa. Baadaye hutiwa sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya vya kuondoa madoa, huachwa kwa muda, husuuzwa kwa maji mengi na kuanikwa juani. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia kuvunja ukali wa harufu. Kwa upande wa sala, kanuni ni kwamba maji safi yapite mpaka rangi na harufu viondoke.

Mama wa nyumbani na ajihadhari na mambo mawili hapa. Dawa ya kung'arishia nguo isimwagwe juu ya mkojo, kwa maana ikikutana na amonia hutoa mvuke wenye sumu. Na dawa za kuua vijidudu zenye harufu ya lami au zinazogeuka nyeupe majini nyingi zina sumu kwa paka, ambaye hukanyaga sakafu kisha akajilamba miguu. Vilevile asipewe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumuua.

Ikaonekana pia kwamba samani za kale za Lamu zilikuwa na hekima ambayo makochi ya Mombasa hayakuwa nayo. Kitanda cha kamba kikichafuka, kamba hufunguliwa, zikafuliwa na kufumwa upya. Kiti cha enzi hakina sponji ya kufyonza kitu, maji hupita katika uzi wake na kudondoka sakafuni. Sakafu ya chokaa huoshwa kwa ndoo moja. Watu waliotengeneza vyombo hivyo waliishi na watoto wachanga, wazee na wanyama chini ya dari moja, wakajua kwamba nyumba ni mahali pa kulowa na kukauka. Kochi la sponji halikutengenezwa kwa nyumba ya namna hiyo. Mzee hakusema kochi liondolewe. Alinunua shuka la mpira, kama lile linalotandikwa chini ya mtoto mchanga, likawekwa juu ya kochi kila usiku na kufunikwa kwa kanga, na asubuhi likaondolewa kabla wageni hawajabisha hodi. Miswala ikatundikwa misumarini, ikawa haitandikwi mpaka wakati wa sala.

Chakula cha Bi Mkubwa nacho kikabadilishwa. Ng'onda na kila samaki wa chumvi wakakatazwa, akapewa samaki mbichi aliyechemshwa na kutolewa miba, pamoja na supu yake isiyo na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa maana vitunguu humwangamiza paka damu. Maji yakawekwa mahali patatu. Mtu anaweza kudhani kwamba kumnyima maji kutapunguza mkojo. Kufanya hivyo ni kumuua kwa kiu.

AMANA YA MZEE

Lilibaki suala la mimba. Bwana mifugo na mkunga wa kliniki walisema neno moja: mwenye mimba hana haja ya kumfukuza paka, ila asiguse kinyesi chake wala mchanga wake. Vijidudu vinavyohofiwa hutoka katika kinyesi, na huchukua angalau siku moja kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo choo kikisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Paka mzee asiyewinda ni nadra kuvitoa. Mara nyingi vijidudu hivyo hupatikana katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, navyo hivyo mama mjamzito ajihadhari navyo zaidi.

"Basi kazi hiyo ni yangu," alisema mzee. "Mwanangu, wewe usiiguse, wala watoto wasiiguse."

Tangu siku hiyo, kabla ya adhana ya alfajiri, mzee huamka, akachota uchafu kwa kibao, akautia katika mfuko na kuufunga, akaongeza mchanga mkavu, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akatia udhu. Ujanani mwake, ndani ya kuta za ngome, alisimamia wafungwa wakitoa ndoo za usiku kila asubuhi. Sasa hakuna wa kusimamiwa. Majirani wachache walicheka walipomwona mtu wa cheo chake akishuka ngazi na taka za paka, wakasema uzee umemrudisha utotoni. Hakuwajibu. Mkewe alipokuwa mgonjwa katika miezi yake ya mwisho, alihitaji kuoshwa na kubadilishiwa shuka usiku na mchana, na paka huyu ndiye aliyelala miguuni pake kila usiku bila kuondoka. Mzee aliosha shuka hizo kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya karai haikumshinda.

Matokeo yake hayakuwa miujiza. Juma la kwanza paka alitumia karai mara moja moja, na mara nyingine alirudi kochini. Juma la tatu karai la kwenye ngazi likawa lake kabisa. Mwezi ulipotimia, mkaza-mwana mwenyewe alisema karai la sebuleni libaki. Hata hivyo, mara mojamoja, hasa usiku wa baridi, shuka la mpira hukutwa limelowa. Likilowa, huoshwa. Hapigwi mtu, wala paka hasuguliwi pua katika mkojo wake, desturi ambayo haimfundishi kitu ila hofu, nayo hofu humzidishia kukojoa pasipofaa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Wanawake waliokuja kumtazama walikaa juu ya makochi yale yale, wakanywa kahawa, na hakuna aliyesikia harufu.

Mzee anajua kwamba siku itafika ambapo Bi Mkubwa atakataa hata supu, na miguu itashindwa kufika karai. Siku hiyo, bwana mifugo alikwisha kumweleza, ipo njia ya kumpumzisha bila maumivu, na kuitumia kwa wakati wake si ukatili. Ukatili ni kumtia kikapuni akiwa hai na kumwacha gatini akimtafuta mwenye nyumba.

Mambo hayo ya Lamu hayako mbali na nyumba za askari. Amri ya uhamisho ikifika, vitanda hupakiwa katika lori, masufuria hupakiwa, hata kuku hupatiwa nafasi. Paka, hasa akiwa mzee na amekwisha kuchafua godoro mara mbili, huachwa kambini. Wanaobaki humwona jioni ameketi mbele ya mlango uliofungwa. Watoto walio juu ya lori wamekwisha kuliona jambo hilo, nao hawatalisahau watakapokuwa na wazazi wazee wa kuwatunza.

Wazee wa pwani walisema paka wa nyumba haingwa, na kuinga maana yake ni kufukuza. Walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Mkomani msala umetundikwa msumarini, safi na mkavu, na mbachao umelala chini ya kiti cha enzi ukipata usingizi. Kabla ya adhana, mlango wa ngazi utasikika ukifunguliwa, na mzee atashuka na mfuko wake, akizihesabu ngazi moja moja.